Mume na Mke Wakiwa Kazini Wote: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ajira ya Wanandoa na Pengo la Kipato Kati ya Kaya, Tanga

Maswali haya yametoka kwa watu: kwenye vikao vya vikoba vya Makorora na Mabawa, kwenye baraza za Ngamiani baada ya sala ya alasiri, na kwa walimu waliotaka kuwaeleza wanafunzi wao jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingepotosha, na kwa ufupi pale ambapo hakuna mengi ya kusema.

Swali lenyewe ni lipi hasa?

Watu wengi huuliza kama ni vizuri mke afanye kazi ya kipato. Hilo ni swali la wanandoa wenyewe, na halijibiwi hapa. Swali la ukurasa huu ni jingine: wake wengi wa mji wakiingia kwenye kazi za kipato, je, nyumba zenye pesa na nyumba zisizo na pesa zitakaribiana au zitazidi kuachana? Ni swali linalohusu mtaa mzima, na nyumba moja peke yake haiwezi kulijibu.

Kwa nini mnahesabu kaya badala ya kumhesabu kila mtu na mshahara wake?

Kwa sababu watu hawali mshahara wao peke yao. Mvuvi wa Sahare anayerudi na shilingi elfu kumi hana hali sawa na mvuvi mwenzake mwenye elfu kumi hiyo hiyo ikiwa mke wa yule wa kwanza anakaanga samaki na kuwauza jioni, na mke wa huyu wa pili ni mgonjwa. Wavuvi hao wawili wana kipato kimoja, lakini nyumba zao haziko sawa. Watakwimu huiita kaya ile jamii ya watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na kwa watu wa Pwani maana hiyo haihitaji ufafanuzi.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hapa kwetu Ofisi ya Taifa ya Takwimu, inapopima umaskini kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, hutazama zaidi matumizi kuliko mapato. Mtu atasahau alichopata, ila ukimuuliza unga, mafuta na nauli ya juma lililopita atakutajia. Kwa kipimo hicho, umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 26.4 mwaka 2017/18, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12.

Kipimo cha Gini ni nini?

Ni namba iliyo kati ya 0 na 1, iliyobuniwa na mtakwimu wa Italia, Corrado Gini, mwaka 1912. Ikiwa kaya zote zina kipato sawasawa, namba ni 0. Ikiwa kaya moja imechukua kila kitu na nyingine hazina hata senti, namba hukaribia 1. Haisemi nani tajiri wala kwa nini. Inasema tu pengo ni kubwa kiasi gani.

Basi mke akianza kupata kipato, pengo hupungua au huongezeka?

Inategemea ni mke wa nani. Jibu hili huwaudhi watu waliotarajia ndiyo au hapana, lakini ndilo la kweli, na hesabu ndogo italionyesha vizuri kuliko maneno.

Tuchukue nyumba nne za kubuni kwenye barabara moja. Waume peke yao wanaingiza kwa mwezi shilingi 200,000, 300,000, 500,000 na 1,000,000. Ukipiga Gini ya nyumba hizo unapata takriban 0.33. Sasa tuseme wake wa barabara hiyo wakianza kazi wataingiza jumla ya shilingi 500,000, wala si zaidi. Kiasi hicho hakitabadilika. Tutakachobadilisha ni mikono inayokipokea.

Katika hali ya kwanza, mke wa nyumba ya kwanza anapata 200,000, wa pili 150,000, wa tatu 150,000, na wa nne hafanyi kazi ya kipato kwa sababu mumewe anakidhi kila kitu. Nyumba sasa zina 400,000, 450,000, 650,000 na 1,000,000. Gini imeshuka hadi 0.20.

Katika hali ya pili, wake wa nyumba mbili za chini hawakupata kazi, wa nyumba ya tatu amepata 100,000, na wa nyumba ya nne, aliyesoma kama mumewe, amepata 400,000. Nyumba zina 200,000, 300,000, 600,000 na 1,400,000. Gini imepanda hadi 0.39.

Ukiwagawia wake wote wanne sawasawa, 125,000 kila mmoja, Gini inakuwa 0.26, chini ya ile tuliyoanza nayo.

Tazama vizuri: barabara ni moja, waume ni wale wale, na pesa ya wake ni shilingi 500,000 ile ile mara zote. Hali ya kwanza imepunguza pengo kwa zaidi ya theluthi, na ya pili imeliongeza. Ndiyo maana mtu akisema kwamba kazi za wanawake zinaleta tabaka, au kwamba zinaondoa tabaka, anayepaswa kuulizwa kwanza ni yeye: unazungumzia nyumba ipi?

Kwa kawaida ni wake wa nani wanaofanya kazi?

Zamani jibu lilikuwa karibu moja hata katika nchi zilizo mbalimbali. Mchumi Paul Douglas wa Marekani, katika miaka ya 1930, na baadaye mchumi mwenzake Hiromi Arisawa wa Japani, waligundua kila mmoja kwa upande wake kwamba kadiri kipato cha mume kinavyopanda ndivyo uwezekano wa mke kutafuta kazi unavyopungua. Mke wa maskini alifanya kazi kwa sababu chungu kilidai, na mke wa mwenye nacho alikaa nyumbani kama alama ya heshima ya mumewe. Hiyo ni hali ya kwanza katika hesabu yetu, ambayo hupunguza pengo pasipo mtu yeyote kukusudia.

Kisha wasichana wakasoma, na uhusiano huo ukalegea. Nchini Marekani, mapato ya mume na mapato ya mke yamekuwa yakienda pamoja zaidi kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1960. Hata hivyo, watafiti Maria Cancian na Deborah Reed, walipolichunguza jambo hili kwa takwimu za Marekani katika miaka ya 1990, walikuta kwamba mapato ya wake kwa ujumla yalikuwa yamepunguza tofauti kati ya familia, kwa maana kwamba bila mapato hayo pengo lingekuwa kubwa zaidi. Matokeo hayo yanafaa kutajwa kila mara mtu anapodai kwamba mwanamke kwenda kazini ndiko kulikotenganisha matajiri na maskini.

Tanga tunayo yote mawili kwa wakati mmoja. Kwenye diko la samaki na kwenye vibanda vya Mgandini, mke anafanya kazi kwa sababu kipato cha mume hakitoshi. Kwenye nyumba za watumishi, mke anafanya kazi kwa sababu ana cheti, na mume wake naye ana cheti. Makundi haya mawili yanavuta kamba pande mbili, na upande utakaoshinda utajulikana kwa kuangalia malipo ya kila kundi.

Kwa nini mtumishi humwoa mtumishi?

Kwa sababu ndiko walikokutana. Mwalimu anayepangiwa shule huko Handeni au Korogwe anakaa nyumba za walimu, anakula na walimu na kusafiri na walimu. Atamjulia wapi binti wa mvuvi wa Tongoni? Wachumi huliita jambo hili kuoana kwa kufanana. Gary Becker, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliwahi kutabiri kinyume chake upande wa mishahara: kwamba mwenye mshahara mkubwa angemtafuta mwenza wa mshahara mdogo ili mmoja ashughulike na soko na mwingine na nyumba. Utabiri huo unawafaa baadhi ya babu zetu. Vijana wa leo wanaoanza maisha kwa kupanga chumba na sebule, na ambao wote wawili wanasubiri tarehe ya mshahara, hauwahusu sana.

Sioni sababu ya kuwalaumu. Kinachofaa kuangaliwa ni uzito wa jambo hilo. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ongezeko hilo ni haki yao na lilisubiriwa kwa muda mrefu. Lakini nyumba ya watumishi wawili imelipokea mara mbili, nyumba ya mtumishi mmoja mara moja, na nyumba ya mvuvi na mkaanga samaki haikulipokea kabisa, isipokuwa kwa yale matone yanayoifikia pale watumishi wanapokuja kununua kitoweo.

Tanga ya mkonge ilikuwaje? Je, zamani watu walikuwa sawa zaidi?

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na baadaye ukafunika sehemu kubwa ya mkoa huu. Mashamba yalitaka watu wengi, na wengi wao walitoka mbali: Kigoma, Kusini, na hata nje ya mipaka. Ndio walioitwa manamba. Wengi walikuja bila wake zao. Mwanamume alikata mkonge Muheza au Korogwe, huku mke akilima kwao umbali wa siku nyingi za safari. Kwenye daftari la shamba kipato chake kilionekana kama cha mtu mmoja, wakati kwa kweli nyumba yake ilikuwa na wafanyakazi wawili katika mikoa miwili, na jasho la huyo wa pili halikuandikwa na karani yeyote. Mshahara wa manamba uliweza kuwa mdogo kwa sababu hiyo hiyo: kulikuwa na mke aliyekuwa akiwalisha watoto kwa jembe.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba watu walikuwa sawa zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba pengo kati ya nyumba lilipimwa kwa mshahara wa mwanamume peke yake, na kila kitu kingine kikaachwa gizani.

Uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele katikati ya miaka ya 1960, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha ukaporomoka miaka iliyofuata. Viwanda vya mjini navyo, vilivyoifanya Tanga ihesabike kuwa mji wa viwanda, vingi vilifungwa au kupunguza watu kuelekea na ndani ya miaka ya 1990. Hapo ndipo wachumi wanapopaona mahali pa mfanyakazi wa nyongeza, yaani mke anayeingia kazini kwa sababu mume ametoka.

Mama mkubwa wangu aliyekuwa akiishi Mabawa alikuwa mmoja wao. Mumewe alipunguzwa kiwandani, na mafao yake yakachelewa mpaka akachoka kuyaulizia. Mama mkubwa akaanza vitumbua. Mchele aliuloweka jioni, akautwanga baada ya isha, akauchanganya na tui na hamira kisha akaufunika kwa kanga nzito ili uumuke. Saa kumi alfajiri chuma chenye mashimo saba kilikuwa tayari jikoni, na sisi watoto tuliamshwa na harufu ya iliki. Mzee, ambaye miaka yote alizoea kuondoka na baiskeli kwenda zamu, sasa alifunga ndoo ya vitumbua kwenye kibebeo cha baiskeli ile ile na kuipeleka sokoni Ngamiani. Nyumba yao haikurudi ilipokuwa. Lakini umbali kati yao na jirani yao wa bandarini, ambaye kazi yake ilibaki, ulikuwa mdogo kuliko ambavyo ungekuwa kama mama yule angekaa kusubiri mafao.

Kukaanga samaki, kulima mwani na kusuka ukili ni ajira?

Ndiyo. Mtu akiulizwa na karani wa takwimu kama anafanya kazi, na akajibu kwamba hana kazi, yupo tu nyumbani, ilhali ametoka kuuza sinia mbili za samaki, basi takwimu zetu zinakosa ukweli kwa jibu lake na kwa namna swali lilivyoulizwa. Akina mama wa mwani katika vijiji vya pwani hufanya kazi kwa kufuata bamvua, maji yanapokauka mbali na vigingi vikaonekana, kwa hiyo kipato chao huja kwa mafungu na wala hakifuati mwisho wa mwezi. Ukiuliza kuhusu mwezi uliopita peke yake, utapata picha ya maji na si ya kazi yao.

Kazi hizi zina uzito mkubwa katika swali letu kwa sababu ziko karibu zote kwenye nyumba za chini. Bei ya mwani ikipanda, au gharama ya mkaa na mafuta ya kukaangia ikishuka, pesa inaingia moja kwa moja kwenye hali ya kwanza ya hesabu yetu.

Kidini na kisheria kipato cha mke ni chake. Mbona mnakijumlisha na cha mume?

Swali hili huulizwa zaidi na akina mama, nao wana haki ya kuliuliza. Katika mafundisho ya Kiislamu nafaka, yaani matumizi ya kumtunza mke na nyumba, ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni yake hata kama yeye ndiye mwenye nacho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mke uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake, na inamtwika mume jukumu la kumtunza mkewe kadiri ya uwezo wake. Kujumlisha vipato viwili kwenye karatasi hakumfanyi mume awe mmiliki wa pesa ya mkewe.

Tunajumlisha kwa sababu tunapima hali ya maisha, na nyumbani mara nyingi pesa ya mke inakwenda kwenye daftari za shule, dawa na mboga ya jioni, hata pale mume anapodhani kwamba elfu tano aliyoacha asubuhi imetosha. Lakini kujumlisha kuna hatari yake, na lazima isemwe. Tukiandika kwamba nyumba fulani ina shilingi 900,000, tunachukulia kwamba wote wanaoishi humo wanazifaidi sawa. Mara ngapi tumeona mume mwenye kipato kizuri na mke anayekopa dukani? Nyumba hiyo kwenye takwimu iko juu, na mke yule katika maisha yake yuko chini. Pengo lililo ndani ya nyumba halionekani katika Gini ya kaya, na mimi naliona kuwa udhaifu mkubwa kuliko mwingine wowote wa kipimo hiki.

Kodi inahusika vipi?

Kwa waajiriwa wa mshahara inahusika sana, na wengi hawajui. Kodi ya mshahara hukatwa kwa kila mfanyakazi peke yake, na viwango hupanda kadiri mshahara unavyopanda. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021 Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30.

Chukua nyumba mbili zenye shilingi 1,000,000 kila moja kabla ya kodi, tukiweka pembeni makato ya pensheni. Katika nyumba ya kwanza mume na mke wanapata 500,000 kila mmoja. Kila mmoja anatozwa asilimia 8 ya 230,000, yaani shilingi 18,400, na wote wawili ni 36,800. Katika nyumba ya pili mmoja peke yake anapata 1,000,000. Anatozwa 20,000, halafu 48,000, halafu 60,000, jumla shilingi 128,000. Nyumba zimeanza sawa na zimeachana kwa shilingi 91,200 kila mwezi. Mtu anaweza kusema nyumba ya pili ina mtu anayebaki kutunza watoto, na kazi hiyo ina thamani. Ni kweli, lakini thamani hiyo hailipi ada.

Nchi hazikubaliani juu ya jambo hili. Sweden iliacha kuwatoza wanandoa kwa pamoja mwaka 1971 ikaanza kumtoza kila mtu peke yake, na wake wengi wakavutika kwenda kazini. Ujerumani tangu mwaka 1958 huwaruhusu wanandoa kujumlisha na kugawanya kipato chao, utaratibu unaoipunguzia kodi nyumba ya kipato kimoja, na ambao umekuwa ukilaumiwa kwa kumfanya mwenza wa pili aone kazi yake haina faida.

Mwalimu anaweza kwenda kazini kwa sababu kuna dada wa kazi. Je, huyo anahesabiwa wapi?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi. Mke wa nyumba ya juu anapopata kazi, mara nyingi kazi za nyumbani humwendea binti kutoka Lushoto, Kilindi au Handeni, anayelala hapo hapo na kulipwa kidogo. Kwa kuwa analala na kula hapo, anaweza kuhesabiwa kuwa mmoja wa kaya hiyo, na kwenye takwimu akaonekana mtu wa nyumba yenye nafasi. Kwao, anakotuma pesa, nyumba ni nyingine kabisa. Kipato cha pili cha nyumba moja kimesimama juu ya mshahara mdogo wa nyumba nyingine, na mtu anayetaka kweli kupunguza pengo aanze na kile anachomlipa binti huyo, pamoja na mkataba, mapumziko na likizo yake.

Mume mwenye wake wawili anahesabiwaje?

Sheria ya Ndoa inatambua ndoa ya wake zaidi ya mmoja, na katika mkoa huu si jambo geni. Ikiwa kila mke ana nyumba yake na chungu chake, hizo ni kaya mbili, na mume huandikwa anakolala zaidi au kwa utaratibu utakaowekwa na utafiti husika. Matokeo yake nyumba ya mke mmoja inaonekana ina mwanamume mwenye kipato na nyumba ya mwenziwe inaonekana ya mama peke yake, ingawa pesa inapita kote kuwili. Hapo kipato cha kila mke ndicho kinachoamua nyumba ipi itasimama mume anapopungukiwa.

Na wajane na walioachika?

Wao ndio wanaosahauliwa zaidi katika mazungumzo ya vipato viwili. Kadiri nyumba zenye wafanyakazi wawili zinavyoongezeka, bei za kodi ya nyumba na ada hufuata uwezo wao, na mama mwenye kipato kimoja na watoto wanne anabaki kushindana nao. Mjane aliyekuwa na biashara yake kabla ya msiba huanguka. Mjane ambaye hakuwahi kushika pesa huporomoka.

Kuhusu walioachika, kuna jambo la sheria linalofaa kujulikana na kila mke anayesema hajachangia chochote kwa kuwa hakuajiriwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke huhesabika kama mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Karani wa takwimu anaweza asiandike kupika, kufua na kulea, lakini mahakama inaandika.

Mume yuko Tanga mjini, mke amepangiwa kazi mbali. Hiyo ni nyumba ya vipato viwili?

Kwenye karatasi ndiyo. Kwa mfuko ni chini ya hapo. Kodi za nyumba ni mbili, majiko ni mawili, na kila mwisho wa mwezi kuna nauli kutoka stendi ya Kange. Watumishi wengi huomba uhamisho wa kumfuata mwenza kwa sababu ya upendo na kwa sababu ya hesabu, na uhamisho unaochelewa mwaka mzima hula sehemu nzuri ya mshahara wa pili.

Je, mnataka kusema wake wa wenye nacho wakae nyumbani ili pengo lipungue?

La, hata kidogo. Kumzuia daktari au mhandisi asifanye kazi aliyoisomea kwa sababu tu mumewe naye ana kazi ni dhuluma kwake na hasara kwa wagonjwa na barabara zetu. Rudi kwenye zile nyumba nne: hali ya pili haikuwa mbaya kwa sababu mke wa nyumba ya nne alipata 400,000. Ilikuwa mbaya kwa sababu wake wa nyumba mbili za chini hawakupata kitu. Hapo ndipo nguvu inapotakiwa kwenda: soko lenye kivuli na jokofu la samaki, malezi ya watoto wadogo karibu na mahali pa kazi, maji ya bomba yanayorudisha saa mbili za asubuhi, na mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo fungu la asilimia 4 ni la wanawake. Likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo humlinda mwajiriwa. Mkaanga samaki akijifungua, kipato chake husimama siku hiyo hiyo.

Nataka kupima barabara yangu mwenyewe. Nianze wapi?

Anza na nyumba kumi, kwa ridhaa yao na bila kuandika majina. Muulize mke na mume kila mmoja peke yake, kwa kuwa mbele ya mumewe mke hupunguza na mbele ya mkewe mume huongeza. Usiulize kuhusu mwezi. Kwa mvuvi wa dagaa uliza usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, kwa mama wa mwani uliza bamvua mbili zilizopita, kwa mtumishi uliza kinachoingia benki baada ya makato, na kwa mama wa vitumbua uliza kilo za mchele anazoloweka kwa juma. Vigeuze vyote viwe vipato vya kipindi kimoja, jumlisha vya kila nyumba, gawanya kwa idadi ya wanaokula humo, kisha zipange kutoka ndogo hadi kubwa. Baada ya hapo ondoa kipato cha wake wote na uzipange upya. Linganisha orodha hizo mbili, na kwanza kabisa tazama nyumba tatu za chini, uone ni ngapi zimehama.